Shangazi akikuuliza sokoni: siri ya kijana anayekuja kwako kuongea

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwezeshaji kwenye kituo cha vijana hapa Dodoma mjini. Kuna binti wa miaka 16 anayekuja kwangu kila wiki. Ameniambia anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU, tangu akiwa mdogo. Mama yake yuko kijijini na anajua, ila shangazi anayemlea huku mjini hajui, na siku hizi binti anaruka dozi kwa kuogopa kuonekana akimeza. Juzi shangazi alinikuta sokoni akaniuliza, "Huyu mtoto ana shida gani?" Nikabaki nababaika. Mratibu wetu naye anataka habari zake na picha kwa ajili ya ripoti ya wafadhili, anasema jina tutalificha. Na kusema kweli nilishamsimulia mwenzangu wa zamu, maana jambo lilinielemea. Nifanyeje?*

Marahaba, dada. Kabla sijakujibu nikueleze nilichofanya kwenye barua yako. Uliyonitumia ilikuwa na mtaa mnaoishi, kidato anachosoma binti, kijiji cha mama yake na kazi ya shangazi. Jina lake hukuliandika, na naamini uliona kwamba umeshamficha. Lakini mtu wa mtaa ule akivisoma vitu hivyo vinne kwa pamoja anamtaja binti papo hapo. Nimeviondoa vyote, na vingine viwili visivyogusa jibu nimevibadilisha. Umri nimeuacha kwa sababu sheria inautazama. Utaona huko mbele kwamba jambo hili hili ndilo linaloharibu ripoti ya mratibu wako.

Nianze na shangazi, maana utakutana naye tena, pengine kabla hujamaliza kusoma.

Swali lake lina majibu mawili yanayokuja haraka mdomoni na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni "hana shida yoyote, shangazi." Huo ni uongo, na siku ukweli ukijulikana shangazi atakumbuka ulimtazama usoni ukamdanganya, na kituo kizima kitakosa heshima nyumbani kwake. La pili ni "siwezi kusema," tena kwa sauti ya chini na uso mzito. Hilo ni kusema. Mama mtu mzima akijibiwa hivyo anarudi nyumbani na kuanza kupekua begi la shule.

Kinachokulinda ni kuwa na jibu moja kwa watoto wote, mwenye siri na asiye nayo. Ukizoea kusema "hana kitu, anakuja kucheza bao tu" kwa tisa, halafu wa kumi ukasema huruhusiwi kumzungumzia, umeshamtangaza. Kwa hiyo hata mzazi akikuuliza habari za kijana anayekuja kuazima mpira, mjibu vile vile utakavyomjibu huyu shangazi. Jizoeze maneno yako mpaka yatoke bila kubabaika. Mimi ningesema hivi: "Shikamoo shangazi. Nashukuru unavyomfuatilia mtoto, wazazi wengi hawaulizi. Pale kituoni tumewaahidi vijana wote kwamba wanachoongea hakitoki kwetu. Mtoto wa jirani yako akija, na habari zake nazo sitazileta kwako. Muulize mwenyewe taratibu, na akitaka tukae wote watatu, mimi nipo."

Ona kilichomo mle. Umemheshimu, hujadanganya, hujathibitisha kwamba kuna tatizo, na umemrudisha kwa mtoto mwenyewe. Najua ugumu wake. Kwetu kumnyima mkubwa jibu ni kama utovu wa adabu, hasa mkubwa unayesali naye kanisa moja au mnayechanga naye kikoba. Ndiyo maana shukrani inatangulia na ile mifano ya watoto wa wengine inafuata. Shangazi akielewa kwamba sheria hii inamlinda mtoto wake na yeye pia, wengi hutulia. Wachache watakununia wiki mbili tatu. Vumilia.

Sasa swali lililojificha ndani ya swali lako: kwa kuwa yeye ndiye mlezi, hana haki ya kujua? Sheria ya mwaka 2008 ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI inayafanya majibu ya kipimo cha VVU kuwa siri ya aliyepimwa, na kwa mtoto inamtaja mzazi au mlezi anayetambulika kama mtu anayeweza kupewa. Mwaka 2019 Bunge, lililoketi hapa hapa Dodoma, liliirekebisha ili kijana kuanzia miaka 15 aweze kupima kwa ridhaa yake mwenyewe, wakati awali ilikuwa 18. Maana yake sheria yenyewe inakubali kwamba mtu wa umri wa binti huyu anaweza kuwa na jambo la afya yake analolibeba mwenyewe. Isitoshe, wewe huna majibu ya kipimo ya kumpa mtu. Ulicho nacho ni maneno ambayo binti alikuamini nayo. Ikifika siku ya shangazi kuelezwa kama mlezi, mahali pake ni CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, mbele ya mhudumu, binti mwenyewe akiwepo na akiwa amejiandaa. Pembeni ya meza ya nyanya si mahali pake.

Hata hivyo kuna jambo linalonipa wasiwasi zaidi ya shangazi, nalo ni dozi. Dawa za kufubaza virusi zinataka kumezwa kila siku. Akiziruka ruka virusi vinaamka, na vinaweza kujenga usugu hadi dawa anazotumia zisimfae tena. Kwa hiyo kutunza siri hakumaanishi ukae kimya ukimtazama anaumia.

Muulize kopo analiweka wapi. Swali dogo, lakini hapo utaelewa kila kitu. Vijana wengi wanaolala chumba kimoja na wadogo zao hutia pamba ndani ya kopo ili vidonge visigongane, maana ule mlio tu unatosha kuleta maswali. Wengine huvihamishia kwenye chombo kingine kisha wanasahau wamebakiza vingapi. Wengine huomba kwenda dukani saa mbili usiku ili wameze njiani. Ukishajua kinachomkwamisha ni saa ya kumeza, hilo lina dawa: mhudumu wa CTC anaweza kumsaidia kuihamishia dozi wakati mwingine wa siku, labda asubuhi kabla ya namba shuleni, bila mtu yeyote mpya kuambiwa chochote. Usimpangie wewe saa. Mshauri aende kliniki, na akitaka msindikize.

Halafu kuna mama. Watu wengi tukisikia "siri" tunawaza kuhusu wa kufichwa, tunawasahau wanaojua tayari. Mama anajua, na wahudumu wa kliniki wanajua. Hao ndio pa kuanzia. Mwambie binti, "Ungependa mama ndiye amwambie shangazi, au umwambie wewe mama akiwa kwenye simu, au tusubiri kwanza?" Mpe nafasi ya kuchagua, na ya "tusubiri" pia iwe ya kweli. Nimeona mara nyingi kwamba kijana akishajua hakuna atakayemvamia, ndiye anayeanza kutafuta namna ya kusema. Shangazi akiambiwa na ndugu yake, kwa heshima, si sawa na akiambiwa na mwezeshaji wa kituo kwamba nyumbani mwake kuna jambo watu wa nje wanalijua na yeye halijui. Fedheha ya namna hiyo humwangukia mtoto.

Siri hii basi itunze. Lakini isije ikakuingia kichwani kwamba kila siri inatunzwa, kwa sababu kesho binti huyo huyo anaweza kukuletea nyingine. Tuseme anakwambia mume wa shangazi anaingia chumbani kwake usiku. Hapo jibu langu linageuka kabisa, na hata akikulilia usiseme, huwezi kunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kifungu chake cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kwa kawaida utamfikia afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au utapiga 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo. Na kama amebakwa, saa zinahesabiwa: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyomsaidia. Yule anayetumia ARV tayari hahitaji dawa hiyo, lakini ana majeraha ya kutazamwa, magonjwa mengine ya ngono, uwezekano wa mimba, na ushahidi unaopotea kwa kuoga tu.

Tofauti ya siri hizi mbili ni nani anaumia ukinyamaza na nani anaumia ukisema. Ya kwanza ukiitoa unamwumiza yeye. Ya pili ukiificha unamlinda anayemwumiza.

Hata unaporipoti, ripoti kwa wachache. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoanzishwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zipo ngazi ya mtaa na kata, na zina watu wenye moyo, lakini ni watu wengi na wote wana majirani. Hakuna haja ya kusimama mbele ya wajumbe wote ukaisimulia habari ya mtoto tangu mwanzo. Mtafute afisa mmoja, mpe anachohitaji ili achukue hatua, basi. Na binti ajue kwanza, kutoka kwako, kwamba unaenda, unaenda kwa nani, na utasema nini.

Ili usijikute unavunja ahadi, usiitoe ahadi kubwa kuliko uwezo wako. Wawezeshaji wapya, kwa upendo tu, humwambia kijana "niambie chochote, haitatoka hapa." Maneno mazuri, na siku ya jambo zito yanakufunga. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajafungua kinywa, sema: "Unachoniambia kinabaki kwangu. Ila kuna matatu siwezi kukaa nayo peke yangu: mtu akikuumiza, wewe ukitaka kujiumiza, au ukitaka kumuumiza mwingine. Likitokea mojawapo nitakwambia wewe kwanza, kisha tutapanga pamoja nani aambiwe." Kijana wa Dodoma ana akili. Akisikia hivyo atakupima kwa vitu vidogo wiki tatu nne, akiona umetulia atakuletea kikubwa akijua kabisa kitakwenda wapi. Huyu binti naye, kama hukumwambia mwanzoni, mwambie mkikutana wiki hii. Hujachelewa.

Mwambie na jambo lingine: mkikutana njiani mfanyeje. Mji wetu umekuwa jiji tangu 2018, wizara zimehamia, Mtumba kumejengwa, lakini mtu anayeishi Nkuhungu au Chang'ombe bado anakutana na watu wale wale kwenye daladala, msibani na Jumapili kanisani. Muulize tu, "Tukikutana Sabasaba nikusalimie, au nisubiri unisalimie wewe?" Ukimkimbilia na kumkumbatia mbele ya wenzake, wataanza kuuliza dada huyu unamjulia wapi.

Nikuombe sasa usimame mlangoni mwa kituo chako utazame kama mgeni. Angalia daftari la mahudhurio. Vituo vingi vina daftari moja kubwa mezani lenye safu ya jina, simu, mtaa, na safu ya mwisho "sababu ya kuja." Kila kijana anayesaini anaisoma mistari yote iliyo juu ya wake, tena wengine hufunua kurasa za nyuma wakisubiri kalamu. Safu hiyo ya mwisho ifutwe leo. Sababu ya kuja iandikwe kwenye karatasi ya mtu mmoja mmoja, kwa namba badala ya jina, na orodha inayooanisha namba na majina ikae kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo kwa watu wawili. Kisha sikiliza ukuta. Kama chumba cha kuongelea kimetenganishwa na benchi la kusubiri kwa ubao mwembamba, hamisha benchi. Kama huna pa kulihamishia, washa redio upande wa benchi, si wa chumba.

Simu yako nayo ni kituo. Ukimhifadhi binti kwa jina na neno "CTC" pembeni, ujumbe wake ukiingia wakati mwanao anacheza gemu, umekwisha. Ukiipeleka kwa fundi kubadilishwa kioo, anakuomba namba ya siri na unampa. Kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi zungumzeni ratiba na funguo, habari za vijana hapana, hata bila majina.

Na niliguse hili kwa heshima zote, maana mimi pia ni mtu wa maombi. Siri nyingi za vijana hutoka kwenye vikundi vya maombi. "Tumkumbuke binti mmoja hapa mtaani, anaishi na shangazi yake, anapitia kipindi kigumu cha afya." Aliyesema ana nia njema kabisa, na waliofumba macho wote wameshamjua. Mwombee kwa jina lake ukiwa peke yako chumbani.

Ripoti ya mratibu. Mwambie hapana kwa namna hiyo anavyotaka, na mpe sababu. Picha ya mgongoni haimfichi mtu: mtaani tunatambuana kwa mtindo wa kusuka, kwa begi, kwa mwendo, na sare ya shule inamaliza kila kitu. "Binti wa miaka 16 anayelelewa na shangazi, anatumia dawa tangu utotoni" ndani ya kata moja ni mtu mmoja tu. Tena siku hizi si suala la utu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muulize mratibu kama kituo kimesajiliwa. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Utaniambia: akisaini karatasi ya ridhaa je? Fikiria anasaini kwa nani. Kwa dada anayemsikiliza, anayempa nauli, anayemsindikiza kliniki. Atakataaje? Ridhaa ya mtu anayekutegemea ina walakini tangu mwanzo. Kwa mtoto wa umri wake, saini yake peke yake haitoshi, na ya mzazi bila yeye kutaka haitoshi pia. Picha ikishatoka hairudi, na yeye miaka 10 ijayo atakuwa mke wa mtu au mwalimu wa shule.

Wafadhili wanachohitaji unaweza kuwapa bila yeye. Andika idadi ya vijana mliowahudumia, kwa makundi ya umri, mfano 15 hadi 19. Andika tatizo lenyewe: vijana wanaotumia ARV wanaoishi kwa ndugu wasiojua hali zao, na jinsi dozi inavyorukwa kwa kukosa faragha ya dakika mbili. Simulizi mnaweza kuitunga kutoka kwa vijana kadhaa na mkasema wazi kwamba imetungwa hivyo. Picha, pigeni jengo, pigeni bustani, pigeni mikono yenu wenyewe wafanyakazi.

Limebaki la mwenzako wa zamu. Kuelemewa si dhambi, na hakuna anayeibeba kazi hii peke yake miaka mingi akabaki salama. Ndiyo maana kituo kinatakiwa kiwe na msimamizi wa unasihi ambaye unamletea jambo, bila jina na bila vile vitu vinne nilivyovitoa kwenye barua yako, ukaongea unavyojisikia wewe na unachokwama nacho. Kama hamna, ombeni, hata wa kutoka kituo kingine, hata mara moja kwa mwezi.

Mwenzako mfuate leo, mwambie ulichomsimulia hakikupaswa kutoka kwako, na umuulize waziwazi kama amekifikisha kwingine. Kisha mwambie binti. Najua hili ndilo ungependa nikuruhusu uliache, lakini akilisikia kwa mtu mwingine hatarudi tena, na dozi nazo zitakwenda naye. Mkalishe, sema: "Kuna jambo lako nilimwambia fulani bila ruhusa yako. Sikutakiwa. Nimeshaongea naye. Nimekuja nikwambie mwenyewe." Usijitetee kwamba ulichoka, usimwombe akufariji. Muulize anataka nini kifanyike, na umweleze kwamba akipenda kuhamia kwa mwezeshaji mwingine utamsaidia, na nafasi yake ya kila wiki ipo pale pale akirudi.